FUNDI ANAJIBU: Radiatere ya gari ya mbio

Mwezi huu barua ni nyingi, lakini moja imekula ukurasa wote. Wengine mnisamehe, zamu yenu inakuja. Hii hapa barua yenyewe, nimeifupisha kidogo tu:

"Papa Fundi, jambo sana. Miye niko kijana wa Mongbwalu, nafanya kazi ya shimo pamoja na wakubwa wangu tangu miaka mine. Mwaka jana nilipata kidogo, nikaenda Kampala, nikanunua gari Subaru Impreza ya turbo, ya mukono wa pili. Sasa radiatere imepasuka kule juu kwenye plastiki, na mushale wa moto unapanda kila mara. Rafiki wa Kampala ananiambia ninunue radiatere ya mashindano, alumini tupu, safu tatu, eti hapana shida tena. Fundi wa hapa anasema hapana, yeye atachukua ya Hiace, aikate, aiingize. Na baba anasema pesa niliyo nayo iko ya masomo ya dada yangu, anataka kuanza uuguzi kule Bunia. Papa Fundi, nichukue gani? Nijibu mbio."

Mtoto wangu, asante kwa barua. Ninakujibu, lakini si mbio. Mbio ndiyo iliyopasua radiatere.

Kwanza nieleze kwa wale wasiojua mambo ya garaji. Radiatere (wenzetu wa Tanzania wanasema rejeta) ni kile kifua cha gari kilichokaa mbele, nyuma ya grili. Maji yanazunguka ndani ya motere, yanachukua moto, yanakuja kwenye radiatere, yanapita katika tiyo nyembamba nyingi. Katikati ya tiyo mna vibati vyembamba kama mapezi ya samaki. Upepo unapita kwenye vile vibati, unachukua moto, maji yanarudi kwenye motere yakiwa yamepoa. Kazi ni hiyo tu. Ikikwama, chuma kinapanuka, kichwa cha motere kinapinda, na gari ya dola elfu kadhaa inageuka kibanda cha kuku.

Sasa nikuulize swali. Nani alikuambia kwamba mgonjwa ni radiatere?

Najua, imepasuka, umeona kwa macho. Lakini mara nyingi radiatere inapasuka kwa sababu kuna kitu kingine kilichoipasua. Nitakusimulia kosa langu mwenyewe, maana linanisumbua mpaka leo. Zamani kidogo mama mmoja mjane aliniletea Hiace yake. Alikuwa anaifanyisha taxi njia ya Komanda, na ile Hiace ndiyo ilikuwa inalisha nyumba yake. Ilikuwa inachemka, radiatere inavuja. Mimi nikaangalia, nikaona tundu, nikasema: Mama, radiatere imekufa, nunua ingine. Mama akauza mbuzi. Tukanunua mpya, nikaifunga vizuri, nikapokea pesa yangu. Siku tatu hazikupita, gari ilirudi ikivutwa kwa kamba. Gasketi ya kichwa cha motere ilikuwa imeungua tangu mwanzo. Moto wa kule kwenye silinda ulikuwa unapenya ndani ya maji na kusukuma kama pampu, ndiyo maana radiatere ya kwanza ilitoboka. Ile mpya haikuweza kumsaidia mtu. Nilimrudishia nusu ya bei ya radiatere. Motere sikuweza kuilipa. Mama hakunipigia kelele, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Kwa hiyo, kabla ya kununua kitu chochote, fanya hivi asubuhi, motere ikiwa baridi kabisa. Tundu la juu lizibe kwa muda, hata kwa gundi ya chuma ile ya tyubu mbili. Haitakaa, lakini kwa kupima inatosha. Fungua kifuniko, jaza maji mpaka juu, washa motere, uangalie ndani. Mara ya kwanza puvu chache zitatoka, hiyo ni hewa iliyobaki. Subaru ina motere iliyolala, silinda zinatazamana kulia na kushoto, hewa inapenda kujificha mule. Jaza polepole, minya tiyo kwa mkono, uipe muda. Lakini kama puvu zinakuja bila kukoma, moja baada ya nyingine, kama sufuria ya sombe, simama hapo. Hiyo ni gasketi. Vilevile angalia mafuta ya motere: yakiwa na rangi ya maziwa, ndiyo hiyo hiyo. Na kama umefunga kifuniko, motere bado baridi, na tiyo ya juu inakuwa ngumu kama jiwe kwa dakika moja tu, usitafute shahidi mwingine.

Angalia pia vantilatere. Gari yako ina vantilatere za umeme. Acha gari ipate moto mahali imesimama, uone kama zinawaka. Chukua karatasi ya daftari, iweke mbele ya grili: inapaswa kunaswa na kuvutwa ndani. Ikisukumwa nje, mtu aliunganisha waya kinyume. Usicheke, nimeona hivyo mara mbili hapa Bunia. Na lile kasha la plastiki linalozunguka vantilatere, lipo? Wengi wanalitupa sababu linasumbua kufungua. Bila lile kasha vantilatere inazungusha hewa ileile ya moto, haivuti upepo kupitia kwenye vibati vyote.

Kitu kingine ni termostati. Ni kile kifaa kidogo kinachofunga na kufungua njia ya maji, kinaanza kufunguka karibu nyuzi 80. Karibu kila gari inayofika kwangu, wameiondoa. "Papa, huku kuna joto, ya nini?" Sikiliza vizuri. Katika motere nyingi za Kijapani, na Subaru ni mojawapo, termostati ina kazi mbili. Inapofungua njia ya radiatere, inaziba njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye motere bila hata kusalimia radiatere. Kwenye tambarare utaona gari iko baridi, utasema fundi wako ni hodari. Kwenye mlima itachemka. Weka mpya, si ghali.

Na kifuniko. Watu wanakidharau, wanafunga na mfuko wa plastiki, wengine na kitambaa. Bunia iko mita zaidi ya 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hapa maji ya wazi yanachemka karibu nyuzi 96, si 100. Kifuniko kizuri kilichoandikwa 0.9 kinabana maji, na yanaweza kufika karibu nyuzi 116 kabla ya kuchemka. Hizo nyuzi 20 ndizo zinazokupandisha kutoka Kasenyi. Mnaujua ule mlima, kutoka ziwani, kwenye mita 620 hivi, mpaka kufika Bogoro. Gari za samaki zinapanda pale kwa gia ya kwanza, polepole, jua liko nyuma, na hata upepo hakuna. Kifuniko kibovu, na samaki wanaiva kabla ya kufika sokoni. Lakini usitie cha nguvu kuliko kile cha kiwandani ukidhani unasaidia. Utapasua tiyo, au ile plastiki ya juu.

Haya. Tuseme umepima yote, na kweli mgonjwa ni radiatere peke yake. Inawezekana sana, maana ile plastiki ya juu ikizeeka inakuwa rangi ya kahawia, inakauka, inapasuka yenyewe. Sasa tuchague.

Nianze na rafiki yako wa Kampala. Sisemi ni mwongo. Radiatere ya mashindano ni kitu kizuri, mahali pake. Ninyi vijana mnapenda Subaru kwa sababu ya mashindano, najua. Safari Rally ya Kenya ilianza mwaka 1953, na mwaka 1997 Colin McRae aliishinda kwa Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akaishinda kwa Impreza vilevile. Kabla yao, Toyota Celica ilishinda mara nyingi, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda hapo jirani, alishinda mara tano kuanzia 1973 mpaka 1982. Walipita kwenye vumbi na matope kama yetu, ndiyo. Lakini miaka ile ya 1990 timu kubwa zilikuwa na mafundi wanangoja njiani na piesi zote, hata helikopta juu ikiwafuata. Radiatere ikijaa matope, inabadilishwa. Wewe ukikwama kati ya Nizi na Mongbwalu saa kumi na moja jioni, ni helikopta gani inakufuata? Barabara zetu hizi si mahali pa kulala. Hapo ndipo naomba ufikiri sana, kuliko hata bei.

Tuangalie hizo safu tatu. Mtu anafikiri: safu tatu ni bora kuliko mbili, kama vile mikate mitatu ni bora kuliko miwili. Sivyo. Radiatere nene inahitaji upepo wenye nguvu kupenya mpaka nyuma. Ukiwa kwenye lami kilomita 120 kwa saa, upepo upo. Barabara ya Mongbwalu wakati wa mvua unakwenda kilomita 15, pengine 10, na motere inalia kwa gia ya kwanza. Upepo ni ule wa vantilatere tu. Radiatere nene inakuwa ukuta. Tena nyingi za mashindano zina vibati vilivyobanana sana, ili eneo la kupoza liwe kubwa. Vumbi letu jekundu linaingia mule, linakutana na umande na mafuta kidogo, linakuwa kama tofali. Baada ya miezi michache unabeba tofali la alumini la bei ghali. Kwa huku kwetu, vibati vilivyoachana kidogo ni bora, sababu unaweza kuviosha. Na kuosha ni kutoka upande wa motere kuelekea nje, kwa maji ya polepole. Si kwa ile pampu kali ya kuoshea magari, inavilaza vibati vyote kama nyasi iliyokanyagwa.

Jambo lingine ambalo muuzaji hatakuambia: nani atakutengenezea? Radiatere za lori za zamani, za wakati wa OKIMO, zilikuwa za shaba. Ikitoboka, fundi wa bati anayejua kazi yake anaziba kwa risasi na moto wa makaa, unaondoka kesho yake. Shaba inapitisha moto vizuri kuliko alumini, hilo ni kweli. Lakini ni nzito na ni ghali, na kuanzia miaka ya 1970 na 1980 viwanda vilihamia alumini, maana tiyo za alumini zinaweza kuwa pana na nyepesi, na kazi inafanyika sawa. Alumini haishiki risasi kama shaba. Inahitaji mashine maalumu ya kuchomelea yenye gesi ya argoni na mkono uliotulia. Uliza kwanza kama mashine hiyo iko karibu nawe, na kama mwenyewe ameshachoma bati jembamba vile, si mlango wa chuma tu. Kama hakuna, basi ile radiatere ya mashindano ikipigwa na jiwe moja imekwisha.

Kama ungekuwa na Land Cruiser ya kizamani, ningekuambia tafuta ya shaba na ulale usingizi. Kwa Impreza sitakudanganya, ya shaba ni ngumu kuipata.

Na ya Hiace iliyokatwa? Fundi wako ana akili, ninamheshimu, sote tumeishi kwa kazi za namna hiyo. Lakini radiatere si lazima iingie tu. Mdomo wa kuingiza maji na wa kutoa unapaswa kuwa mahali pake na upana wake, vantilatere ikae karibu, na chini ifungwe juu ya mpira, si kwa chuma juu ya chuma. Barabara yetu ikitikisa chuma juu ya chuma, tiyo zinakatika. Tena ukikata alumini unarudi kwenye shida ileile ya kuchomelea. Kama ni kwa kufika Bunia tu, kubali. Kwa kukaa nayo, hapana.

Basi shauri langu. Nunua mpya ya kawaida, ya vipimo vilevile vya kiwandani, alumini na plastiki, iliyotengenezwa kwa ajili ya Impreza ya turbo ya mwaka wako. Au kama unapata ya alumini tupu ya safu mbili, vibati visivyobanana, na bei si mara mbili, hiyo nayo sikukatazi. Ya safu tatu mwachie mwenye lami. Pesa inayobaki iweke kwenye termostati, kifuniko, tiyo mbili za mpira na maji ya rangi.

Ukifika Kampala, Kisekka au duka lingine lolote, usikubali kununua kwa maneno. Beba ile ya zamani, hata kama imevunjika. Weka zote mbili chini, pima kwa mkono, mdomo kwa mdomo, sikio kwa sikio. Je, gari yako ni ya gia za kujibadilisha zenyewe? Hapo radiatere ina matundu mengine mawili chini, ya kupoza mafuta ya gia. Ukinunua isiyo nayo, gia zitaungua. Na ukichukua ya mkono wa pili yenye hayo matundu, ujue kwamba ikiwa imetoboka kwa ndani, maji yanaingia kwenye mafuta ya gia, na hapo unazika vitu viwili. Chungulia mdomoni uone tiyo: zikiwa na ukoko mweupe au matope, rudisha. Angalia ile mikunjo inayoshika plastiki kwenye alumini, iwe sawasawa pande zote. Mwombe muuzaji azibe midomo, aitumbukize kwenye beseni na kupuliza hewa ndani. Akikataa, hata wewe kataa.

Sasa maji. Hapa nataka mama za nyumba wasome pia. Usijaze radiatere maji ya mto, hasa yale yanayotoka kwenye kuosha dhahabu, ni udongo mtupu. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa, nusu, na nusu nyingine maji ya rangi ya radiatere, yale ya kijani au mekundu. Yanazuia kutu ndani ya alumini na yanachelewa kuchemka. Lakini yale maji ya rangi ni sumu. Tena ni matamu kwenye ulimi, na hiyo ndiyo hatari yake. Mtoto anakunywa akidhani ni sharubati, mbuzi na mbwa vilevile, na figo zinakufa. Yakimwagika, funika kwa udongo. Bidoni yake usiitumie kuchota maji ya kunywa wala kuwekea mafuta ya mawese, hata ukiiosha mara kumi. Itoboe. Na mtoto akiyanywa, mpeleke hospitali saa ileile, na bidoni yenyewe mkononi ili daktari aione.

Na yule anayetia yai, sabuni au unga ndani ya radiatere ili kuziba tundu, nimwambie nini? Tundu linaziba kweli. Na tiyo zingine zote zinaziba pamoja nalo.

Gari ikichemka njiani: zima hewa ya baridi, fungua ile ya moto mpaka mwisho ingawa utatoka jasho, tafuta mahali pa kusimama, zima. Ngoja nusu saa au zaidi. Usifungue kifuniko. Mkono wangu wa kushoto una alama, si ya kuzaliwa nayo. Usimwagie motere maji ya baridi. Na wewe mwenye turbo, baada ya kupanda mlima salama, usizime mara moja ukifika. Acha motere izunguke dakika moja au mbili, turbo ipoe kwa mafuta yanayopita.

Nirudi kwa swali la baba yako, maana niliona uliliweka mwishoni, kwa maandishi madogo. Vile vipimo vya asubuhi havina bei. Vifanye kwanza. Kama ni radiatere peke yake, ya kawaida pamoja na vitu vyake vidogo haitamaliza pesa uliyo nayo kama ile ya mashindano, na baba yako mnaweza kukaa na kuhesabu. Lakini kama puvu zinakuja bila kukoma, usinunue radiatere yoyote, hata ya bure. Motere itafunguliwa yote, na hiyo ni pesa ya namna nyingine kabisa. Hapo funika gari kwa baši chini ya mwembe, na umpe dada yako pesa yake. Shule ya uuguzi ina tarehe ya kufungua. Gari chini ya mwembe haina tarehe.

Niandikie habari za puvu. Na mama wa Nizi aliyeuliza kwa nini jenereta yake inakula mafuta mengi usiku kuliko mchana, barua yako nimeiweka mezani. Ni ya mwezi ujao.